Transfoma ya Mkopo

Miguu ilipomkatalia, baba yangu aliitawala nyumba kwa redio. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote katika karakana ya treni za migodi, na vyuma vilikuwa vimekwisha kumla masikio, kwa hiyo sauti ya redio yake ilifika hadi kwa jirani wa tatu. Asubuhi moja mtangazaji aliwauliza wasikilizaji swali: nchi yetu, ambayo nayo inadaiwa kila upande, je, inapaswa kumsaidia jirani aliyekwama? Jirani mwenyewe alikuwa Zambia. Mvua ilikuwa imewanyima, mahindi yamewakaukia shambani, na malori ya unga yaliyokuwa yakivuka mpaka kuja kwetu yalikuwa yamepungua. Sisi wa Kolwezi tunakula unga wao. Ugali, au bukari kama tunavyouita, ulikuwa umeanza kupimwa kwa kikombe hata katika nyumba za watu wenye mishahara.

Watu walipiga simu wakasema yao. Mmoja aliuliza tutamsaidia jirani kwa nini wakati barabara zetu zinawameza watoto. Mwingine akasema tumekula mahindi ya watu hao tangu hatujaota meno, leo tunawageuziaje mgongo. Mimi nilikuwa mezani nasahihisha madaftari ya jiografia, kazi ambayo imenipinda mgongo na kunifupisha hasira, nikasema kwa sauti kwamba mwenye deni hana ubavu wa kugawa. Akalipe kwanza. Dawa ya deni ni kulipa. Baba aliniomba nimwongezee sauti.

Nakumbuka niliona swali lile ni rahisi mno kwa redio. Mpaka ule nimeuchora ubaoni miaka mingi kwa chaki, na ukiuchora mara nyingi unaanza kuamini kwamba upo kweli, mstari unaotenganisha njaa ya hawa na njaa ya wale. Muda si mrefu swali hilohilo lilikuja langoni kwangu, na halikuwa na mtangazaji.

Inabidi nieleze kidogo tunavyoishi. Tuko Dilala, katika nyumba za matofali zilizojengwa na kampuni ya migodi kwa ajili ya wafanyakazi wake, zilizopangwa barabara kwa barabara, na kila barabara ina transfoma yake. Transfoma yetu ya zamani ilikuwa imekufa mwaka uliotangulia. Tuliomba nyingine kwa wahusika, tukaambiwa tusubiri, tukasubiri mpaka friji zetu zikawa kabati za kuwekea vyombo. Mwishowe tukaamua kujinunulia wenyewe. Fedha hatukuwa nazo, kwa hiyo tulikopa kwa mfanyabiashara mmoja anayenunua madini kwa wachimbaji wadogo na ghala lake liko kwenye njia ya Mashamba. Yule bwana ni mpole, ana salamu nzuri, na hakopeshi bila dhamana. Alitaka hati za nyumba.

Watu wachache tulitoa hati zetu kwa niaba ya barabara nzima. Yangu ilikuwa mojawapo. Nyumba ile baba alipewa badala ya malipo yake ya mwisho kazini. Hakuna kingine alichopata kwa miaka yote ile, na mimi mume wangu alipofariki sikuwa na mahali pengine pa kulaza watoto. Masharti yalikuwa wazi: kila mwezi barabara ichange na kulipa, na kama transfoma itaungua kabla ya deni kwisha, mfanyabiashara atajilipa kwa nyumba. Siku nilipoikabidhi hati nilirudi nikamwambia baba nimeipeleka kutolewa nakala. Sijui kama aliamini.

Ndipo ikaungua transfoma ya barabara ya pili, ile inayopakana na yetu kwa nyuma. Huko nyumba nyingi zimegawanywa vyumba na kupangishwa, na wapangaji ni vijana wanaochimba shaba na kobalti, watu wa kutoka kila pembe ya nchi, wengine na wake zao na watoto. Rafiki yangu naye anaishi huko, mama mmoja anayeuza samaki wa barafu sokoni. Yeye ndiye aliyekuja kwangu wa kwanza, jioni, amebeba beseni lililofunikwa.

“Madamu,” aliniambia, maana sisi walimu wa kike wote ni Madamu, “samaki yangu yote imeanza kuoza. Hii mukule leo, kesho haitafaa. Batu ya kwetu banataka kuomba barabara yenu ibagawie moto. Utatusaidia kusema?”

Moto kwetu ndio umeme. Nilipokea samaki. Kusema, nilimwambia nitaangalia.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya ibada katika lupangu la mkuu wa barabara yetu, lupangu ndiyo kusema kiwanja chenye ua. Fundi wa umeme alianza. Alisema kuunganisha barabara mbili inawezekana, shida ni resho. Resho ni jiko la umeme, waya uliokunjwa juu ya tofali, linalopika bukari upesi na kula umeme kwa pupa. Makaa yamekuwa ghali, kwa hiyo kila nyumba ina resho, nyingine mawili.

“Inaweza kubeba,” fundi alisema. “Lakini mukipika bote saa moja, itakufa. Mi nimeisha kuwaambia.”

Niliomba kusema. Nilisema kwa utaratibu wa darasani kwamba tunawahurumia, lakini transfoma bado si yetu, ni ya deni, na mtu hagawi kitu cha kuazima. Nilisema wenye hati zilizozuiliwa tunajulikana. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Rafiki yangu alikuwa amesimama nyuma karibu na ukuta, pamoja na wenzake waliokuja kuomba, na hakunitazama. Samaki wake nilikuwa nimewala.

Hapo nafikiri jambo lingekwisha, na ningerudi nyumbani na haki yangu. Lakini mwenye duka la simenti, mtu wa barabara yetu, naye alitoa hati yake kama mimi, akataka kukaza msumari uliokwisha ingia.

“Mi nasema wazi. Tuko na madeni mpaka ku shingo. Na bale batu habako ba huku. Balikuya na treni, barudi na treni.”

Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Lakini mimi ni mtoto wa watu wa Kasai, jimbo la mbali ndani ya nchi hii hii. Babu yangu aliletwa huku kuchimba, baba yangu alizaliwa huku, mimi nilizaliwa huku, na bado nilipokuwa binti watu wa Kasai walifukuzwa, tukaambiwa maneno yale yale: mulikuya na treni, murudi na treni. Tulilala stesheni na magodoro yetu tukingoja mabehewa. Mama alijifungulia pale pale kwenye saruji, baba akatazama treni iliyojaa watu hadi juu ya paa, akatazama mtoto, akasema yeye hapandi. Tukarudi nyumbani kwa miguu. Wako ambao hawakurudi, na wako ambao hata Kasai hawakufika.

Kwa hiyo mkuu wa barabara alipouliza wanaokubali kuwagawia umeme wainue mikono, niliinua wangu. Sikuinua kwa huruma, nasema ukweli. Niliinua kwa hasira. Watu walioninong’oneza kwamba nimesema vizuri walinishangaa, kisha wengine kadhaa, watu wa Kasai kama mimi na hata wasio wa Kasai, wakainua yao. Tulishinda kwa kura chache. Mwenye simenti akaniambia, “Sawa, Madamu. Hati ni yako.”

Nimewaza sana tangu hapo. Labda hata nchi hufanya hivyo. Tunadhani wakubwa hukaa mezani wakapima mizani ya deni na huruma, lakini pengine kuna neno moja alilosema mtu kwa kuteleza, likagusa jeraha la mtu mwingine, na malori ya unga yakavuka au yasivuke. Sijui. Mimi sijawahi kukaa katika meza hizo. Ila najua kwamba hesabu niliyokuwa nimeifanya kabla ya mkutano haikuwa na kosa, na bado mkono ulipanda.

Basi tukawaunganisha. Tuliweka utaratibu mzuri ambao nilijivunia kwa sababu niliupanga mwenyewe: barabara yetu inapika kwanza, barabara ya pili inasubiri, kisha wanapika wao. Fundi alipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana resho. Na watu wa barabara ya pili wakaanza kuchanga pamoja nasi kila mwezi. Jambo hilo sikulitarajia. Deni likaanza kupungua haraka kuliko tulipokuwa peke yetu. Samaki wa rafiki yangu wakaganda tena, naye akarudi kuniletea habari za sokoni na kunicheka jinsi nilivyosema mambo mawili katika mkutano mmoja. Alidai ningekuwa mbunge mzuri. Nikawa nalala vizuri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, na mimi nilianza kuona kumbe hata wangu si mzito kama nilivyoogopa.

Baba alifariki wakati wa kiangazi, mchana, redio ikiwa imewashwa. Niliizima mwenyewe. Ukimya ulioingia katika nyumba ile ndio ulioniliza, kabla hata sijamgusa uso.

Kwetu mtu akifa, hakuna anayeita watu. Wanakuja. Wanaume walileta viti na turubai, wakaning’iniza mbele ya nyumba. Wanawake walileta sufuria, unga, mafuta, sombe ya majani ya muhogo, na kila mmoja akaja na resho lake chini ya kwapa, kwa sababu kilio kinalisha umati na kazi ya kupika si ya mfiwa. Zamani wangekuja na makaa. Wanawake wa barabara ya pili walikuja wengi kuliko wa kwetu. Rafiki yangu alikuja na samaki wote wa siku ile, akafunga kitenge kiunoni, akaanza kutoa amri. Kuna mama mmoja, mke wa mchimbaji, ambaye sikuwahi hata kusalimiana naye, alinishika mikono akaniambia kwa Kiluba cha Kasai maneno ambayo mama yangu angeniambia. Nililia begani kwake.

Nyaya zilitoka madirishani kwangu zikatambaa uani. Fundi wa umeme alikuwapo, lakini alikuja kama mtu wa kilio, si kama fundi, alikuwa amekaa na wanaume ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa chini kwenye mkeka kando ya baba. Sikuona kitu. Na kama ningeona sidhani ningesema, kwa maana nani atasimama katika kilio cha baba yake akawahesabia watu majiko waliyomletea?

Umeme ulikatika, kama kawaida yake. Wanawake wakasubiri, hakuna aliyechomoa kitu. Uliporudi, maresho yote ya lupangu langu yalikuwa yamewashwa, na ya watu wa barabara yetu ambao zamu ilikuwa yao, na ya wale wa barabara ya pili waliobaki nyumbani kulisha watoto kabla ya kuja kukesha. Tulisikia mlio mmoja mzito, kisha harufu ya mafuta yanayoungua. Wimbo wa kanisa ulikatika katikati ya mstari, halafu mama mmoja mzee akauendeleza peke yake na wengine wakamfuata.

Katika utaratibu wangu ule nilikuwa nimehesabu nyumba zote. Kilio sikukihesabu, wala fundi, wala mkuu wa barabara, na sisi ni watu ambao hatumalizi mwezi bila kwenda kilioni mahali. Nilikaa kando ya baba nikalia, na watu wakadhani namlilia yeye tu. Nilikuwa naililia hati pia. Niliona aibu kubwa, mtu hajazikwa na mimi nawaza nyumba. Lakini nyumba ile ilikuwa ndiye yeye, miaka yake yote ya karakana, na sasa yeye na nyumba yake walikuwa wanaondoka kwa siku moja.

Mfanyabiashara alikuja kutoa pole na mfuko wa sukari. Alikaa kwa heshima, akanywa chai, na alipoaga akasema hana haraka, atangoja kilio kiishe. Upole wake uliniogopesha kuliko kelele.

Baada ya mazishi tukakutana tena katika lupangu lile lile. Deni lilikuwa limebaki sehemu, na mfanyabiashara alikuwa ametuma neno kwamba sehemu ile yaweza kufidiwa na nyumba moja. Mkuu wa barabara aliuliza tufanyeje. Watu wakatazama miguu yao. Mwenye simenti ndiye aliyesema kile walichokuwa wanakiwaza.

“Kilio ilikuwa kwako, Madamu. Transfo ilikufia kwako.”

Ilikuwa kweli. Na zaidi ya hapo, mkono ulioinuliwa ulikuwa wangu. Nilitazama nyuso za watu wa barabara yetu, watu niliowafundishia watoto wao mito na milima, na hakuna aliyefungua kinywa. Siwalaumu sana leo. Siku ile niliwalaumu wote, mmoja mmoja, kimoyomoyo, kwa maneno ambayo hayaandikwi. Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga yangu yalikuwa ya kweli.

Watu wa barabara ya pili hawakuwa wamealikwa, lakini walikuwa wamesimama nje ya lango. Rafiki yangu aliingia bila kubisha. Nyuma yake aliingia mchimbaji mmoja, mume wa yule mama aliyenishika mikono, bado ana vumbi jekundu kwenye nyusi. Alivua kofia, akasema na mimi, si na mkutano.

“Mama, pole. Ile bukari ya kilio ya tata yako tulikula bote. Na ma-resho ilikuwa ya babibi zetu. Mutu hawezi kula kilio halafu akamuachia mufiwa deni.”

Mkuu wa barabara akamuuliza watalipa na nini, wakati kila mtu anajua kwamba wachimbaji nao wanadaiwa. Ndiyo desturi ya mashimoni: kuna mtu anayewalisha na kuwanunulia vifaa tangu siku ya kwanza ya kuchimba, na jiwe likipatikana yeye ndiye wa kwanza kulipwa.

“Ni kweli, tuko na deni,” yule kijana akasema. “Hata ule wa kutulisha ku shimo eko na deni. Tukingoja mwenye hana deni, tutangoja sana. Kila juma, kila kikundi italeta kamufuko kamoja ka mawe kwa ule patroni. Si ndiyo kazi yake, kununua mawe?”

Walileta. Msimu wote wa mvua walileta, wakati mashimo yanajaa maji na kuchimba ni hatari na chakula chenyewe ni cha mkopo. Mizani ya mfanyabiashara ilikuwa na tabia zake, kila mchimbaji wa Kolwezi atakueleza, na mifuko iliyokuwa imejaa nyumbani ilifika ghalani ikiwa nusu. Waliongeza. Kuna majuma walikosa, na kuna majuma nilimwona yule mama akipitisha watoto kwangu wakati wa chakula, kama wamepita tu, na mimi nikajua hela za unga zimekwenda wapi. Nilipakua. Barabara yetu ilianza kuona haya. Mmoja akaleta hiki, mwingine kile. Mwenye simenti hakusema neno, lakini asubuhi moja tulikuta mifuko ya simenti imepangwa chini ya nguzo ya transfoma, tayari kwa msingi mpya.

Mimi sijageuka mwanauchumi. Bado nafundisha kwamba nchi zina madeni, na kwamba madeni hulipwa na watoto, na wanafunzi wangu wanaandika hivyo kwenye madaftari. Bado najua mtu anaweza kuzama kwa kumvuta mwenzake, nilikaribia. Ila siwezi tena kusema kwa sauti ile ya mezani kwamba mwenye deni akalipe kwanza ndipo amtazame jirani. Waliomwokoa baba yangu asipoteze nyumba akiwa kaburini walikuwa na madeni mengi kuliko mimi. Waliokuwa na unafuu walikuwa bado wanatazama miguu yao.

Deni lilipokwisha, mfanyabiashara alinirudishia hati mwenyewe, mikononi, pamoja na salamu. Nililala nayo chini ya mto kwa juma zima.

Kisha barabara zote mbili tukakubaliana kununua transfoma moja kubwa, inayoweza kubeba hata kilio. Fedha hatukuwa nazo. Tulikwenda ghalani kwa yule yule, rafiki yangu na mimi na yule mchimbaji, na yeye akatukaribisha viti, akatuuliza habari za nyumbani, akauliza safari hii dhamana ni nini. Wapangaji hawana hati. Rafiki yangu aliinamisha kichwa, kijana akazungusha kofia yake mikononi. Nilifungua mkoba wangu nikaiweka hati ya baba mezani kabla hawajaniomba.